TELEVIZYO KUBWA NI YA NANI?



Safari hii hatuandiki juu ya mambo makubwa ya dunia. Tunaandika juu ya sanduku moja hapa kwetu Kyavinyonge, na juu ya milango mitatu ambayo sanduku hilo lilipitia. Mtu anaweza kusema: hilo ni jambo dogo, kanisa lina kazi nyingine. Lakini kwa sababu ya sanduku hilo jamaa mbili za wakristo, waliokuwa wakiazimana chumvi na moto, walipitana njiani miezi mingi bila kusalimiana. Watoto wao walikatazwa kuchota maji pamoja. Ndiyo maana hatuoni kuwa ni dogo.

Swali lililetwa mbele yetu namna hii: je, ni zambi mkristo kuwa na televizyo kubwa nyumbani mwake, wakati majirani zake hawana hata taa?

Tulizungumza juu ya swali hilo jioni nyingi, na mwisho tuliona kwamba limeulizwa vibaya. Kitu hakifanyi zambi. Kisu si mwuaji, na chungu si mlafi. Swali la kweli ni hili: mtu akipata kitu ambacho ukubwa wake unapita jamaa yake, na nuru yake inatoka dirishani hata mpita njia anaiona, je, anadaiwa nini na jirani? Na jirani naye, akiingia na kuketi, anadaiwa nini?

KITU CHENYEWE

Kwanza tueleze kitu, kwa maana vijana wa leo wanajua tu zile televizyo nyembamba zinazotundikwa ukutani kama kalenda. Hii tunayosema ni ya kizazi kingine. Ni sanduku lenye kimo cha mtoto wa miaka kumi, pana kuliko meza ya kulia, na zito hata watu wanne wanapumua wakilibeba. Ilishuka kutoka Butembo juu ya lori, katikati ya magunia ya unga. Wote tunajua wafanyabiashara wa Butembo, jinsi wanavyosafiri mpaka Dubai na China kutafuta vyombo. Basi hata sisi wa huku chini kandokando ya Ziwa Edward, ambako barabara inaishia majini, vyombo vya mbali vinatufikia, vingine vikiwa vimechoka tayari.

Katika sanduku hilo picha haizaliwi juu ya kioo cha mbele. Inatoka nyuma. Ndani, chini, kuna mirija mitatu: mmoja unatoa nuru nyekundu, mmoja ya kijani, mmoja ya bluu. Kila mrija una lenzi yake. Nuru hizo tatu zinapanda, zinapiga kioo cha kujitazamia kilichoinamishwa, na kioo hicho kinazitupa juu ya pazia la mbele. Zikikutana sawasawa, unaona mtu mmoja mwenye rangi ya mtu. Zisipokutana, kila mchezaji wa mpira anakuwa na vivuli vitatu, chekundu huku na bluu kule, na hujui mpira wenyewe ni upi. Baada ya safari ya lori ndivyo ilivyokuwa. Fundi alitumia siku mbili kuzipatanisha.

Tena kuna jambo la pili, na tunaomba mlishike kwa sababu tutalirudia. Pazia lile la mbele limechongwa mistari midogo midogo, ili nuru iende moja kwa moja kwa watu walioketi mbele yake. Nuru haienezwi pande zote. Aliyeketi katikati anaona vizuri sana. Aliyeketi pembeni anaona hafifu. Aliyesimama anaona hafifu zaidi, na aliyesimama pembeni anaona karibu giza. Wenye televizyo za namna hii katika nchi nyingi walisifu ukubwa wake na bei yake, kwa kuwa wakati ule zilizo nyembamba za ukubwa huo zilikuwa bei kali sana. Lakini walilalamika pia juu ya uzito, juu ya vumbi la kioo cha ndani, na zaidi ya yote juu ya huko pembeni. Mwishowe viwanda viliziacha. Mitsubishi, ambayo ilikuwa ya mwisho kati ya viwanda vikubwa, iliacha kuzitengeneza mwisho wa mwaka 2012.

MILANGO MITATU

Sanduku hilo lilikuwa na wenyewe watatu, mmoja baada ya mwingine. Hatutaji majina. Tuliwauliza wote watatu maoni yao, nao walitujibu bila kuficha.

Wa kwanza alikuwa mchuuzi wa samaki. Yeye alifunga mlango. Alituambia: "Nilinunua kwa jasho langu. Mchana kutwa niko sokoni na makelele ya watu. Usiku ninataka kuketi na mke wangu na watoto wangu. Je, ni lazima ninunue kiti kwa kila mtu wa mtaa?" Watu walimsema sana. Walimwita mchoyo.

Wa pili aliinunua kwake, akafungua mlango lakini akaweka kijana mlangoni. Siku ya mpira kila mtu alilipa franka kidogo, na watoto nusu yake. Alituambia: "Genereta halinywi shukrani, linanywa esansi. Asiyetaka kulipa nisimwone, na anayelipa nisimdharau." Watu walimsema huyu pia. Waliona ni aibu jirani kumtoza jirani.

Wa tatu ni mmoja wetu katika kanisa, mtu anayependwa. Huyu alifungua mlango wazi. Alisema nuru haikuwashwa ili ifunikwe na kikapu. Wazee aliwapa viti vya mbele, wamama mikeka, watoto sakafu. Hakuna aliyelipa. Watu walimsifu, na sisi pia tulimsifu. Tuseme wazi, viti vya mbele vilikuwa vyetu.

Basi, wapendwa, katika milango hiyo mitatu ni upi uliovunja urafiki wa jamaa mbili? Kila mtu anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza anasema: ule uliofungwa. Au anasema: ule wa malipo. Hapana. Ulikuwa mlango wazi.

Ilikuwa hivi. Siku moja asubuhi, ufukoni, yule bwana wa mlango wazi alibishana na jirani yake juu ya wavu uliopasuka. Ni mabishano ya kila siku kwetu wavuvi; yanaanza na jua na yanaisha kabla samaki hawajauzwa. Lakini katika hasira bwana yule alisema mbele ya watu: "Ni wewe unayeniambia hivyo? Wewe unayekuja kuketi kwangu bure kila juma?" Jirani alinyamaza. Aliweka chini wavu, akaenda kwake. Tangu siku ile hakukanyaga tena nyumba ile, wala mke wake, wala watoto wake.

ZAWADI ISIYOKWISHA

Tulijiuliza: kwa nini neno hilo moja liliumiza kuliko mlango uliofungwa na kuliko malipo ya miaka mingi? Tunawaza sababu ni hii. Yule wa kwanza alikuwa na haki juu ya mlango wake, na aliitumia. Aliyebaki nje alijua yuko nje. Yule wa pili alikuwa na bei. Bei ina jambo moja jema: inakwisha. Ukiisha kulipa, unatoka mtu huru, hata ukikutana naye kesho mnatazamana macho kwa macho. Lakini yule wa tatu, bila yeye mwenyewe kujua, alikuwa akiandika deni moyoni. Kila jioni jirani alipoingia na kusema asante, deni liliongezeka. Na deni ambalo halikutajwa siku ya kwanza haliwezi kulipwa siku ya mwisho, kwa maana mwenye kudaiwa hajui hesabu yake.

Hatusemi kwamba kuuza ni bora kuliko kutoa. Tusieleweke vibaya. Tunasema kwamba zawadi ni zawadi pale tu inapokwisha mkononi mwa mtoaji. Inayobaki imefungwa kamba ni ndoano. Nasi wavuvi tunajua ndoano haimpi samaki chakula, hata kama samaki amekula kweli.

Angalieni desturi yetu wenyewe. Mtumbwi unapofika, anayesaidia kuuvuta mchangani harudi mikono mitupu. Anapewa samaki wa mboga. Je, mmesikia mtu akimwambia mwenzake mwaka mmoja baadaye: wewe uliyekula samaki wangu? Hatusikii. Kwa sababu gani? Kwanza, kesho na wewe utavuta mtumbwi wake. Pili, kila mvuvi anajua moyoni kwamba wavu ni wake lakini ziwa si lake. Hakulitengeneza, hakulijaza maji, na samaki walikuwa humo kabla babu yake hajazaliwa.

Basi na televizyo ni vilevile. Sanduku ni lako. Esansi ni yako. Lakini ile picha haikutoka kwako. Imetoka mbali, imepita angani, imeingia kwako kama samaki anavyoingia wavuni.

Hapa ndugu mmoja alitupinga, na neno lake lina nguvu. Alisema: ikiwa picha si ya mwenye sanduku, basi jirani ana haki ya kuingia apendapo, na yule wa kwanza aliyefunga mlango ni mwizi. Tunajibu: hapana. Ziwa si langu, lakini hiyo haimpi mtu ruhusa ya kuchukua wavu wangu usiku. Yule wa kwanza aliwanyima watu kitu, lakini hakumdanganya mtu. Mtu ana haki ya usingizi wake, na watoto wake wana haki ya kusoma kimya. Tulimsema bure, na tumekwenda kumwambia hivyo. Kinachokatazwa ni kufungua mlango na halafu kudai kuwa wewe ndiwe uliyeumba jua lililoingia.

KISHAWISHI CHA MWENYE PICHA

Kishawishi hicho si cha mtu mmoja wa Kyavinyonge. Mfalme Nebukadneza alisimamisha sanamu kubwa ya zahabu, na mara tu iliposimama hakutosheka watu waitazame. Alitaka magoti yao. Katika nchi yetu televizyo ya taifa ilianza Kinshasa mwaka 1966. Wazee wanakumbuka jinsi kila jioni habari zilivyoanza kwa uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni. Sanduku lilikuwa nyumbani mwa raia, aliyelinunua kwa feza yake, lakini aliyekuwa ndani yake alitaka kuwa kama aliyemzaa.

Tukumbuke tena tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipompiga George Foreman kule Kinshasa katika duru ya nane. Ngumi zile zilianza karibu saa kumi za usiku. Kwa nini usiku wa manane? Ili watu wa Marekani, waliolipa kutazama katika majumba ya sinema, waone jioni yao baada ya kazi. Wenyeji wa uwanja walikesha kwa ajili ya saa ya wenye kununua picha. Na mwaka uleule, mwezi wa sita, vijana wetu wa Zaire walifungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0 katika Kombe la Dunia huko Ujerumani, na dunia yote ikatazama aibu yao. Basi picha kubwa si kitu kitupu. Kuna anayeonwa, kuna anayeona, na kuna anayeshika ufunguo katikati yao. Huyo wa katikati ndiye anayejaribiwa.

Wengine walitaka kuponya jambo hili kwa kukataa kitu chenyewe. Tanzania bara ilikaa bila kituo cha televizyo mpaka mwaka 1994, hali Zanzibar ilikuwa na yake ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Huko bara viongozi waliona ni anasa ya wachache wa mjini. Hatuwacheki, waliwaza juu ya maskini. Lakini kitu kilifika, kama vitu vyote vinavyofika. Mtu akingoja moyo utengenezwe kwa kukosa kitu, siku kitu kitakapokuja atakuta moyo uko palepale.

USIKU WA TAREHE 7 FEBRUARI 2024

Sasa tufike mahali tunapotaka kufika. Usiku ule, saa nne kwa saa yetu, timu ya Kongo ilicheza nusu ya mwisho ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire kule Abidjan. Nyavu zilikuwa zimekwisha kutegwa jioni. Nyumba ya bwana wa mlango wazi ilijaa mpaka kizingitini. Sisi tulikuwa mbele, kama kawaida.

Jirani yule alikuja pia, lakini hakuingia. Alisimama nje, kwenye dirisha la pembeni, pamoja na watoto na wapita njia.

Wimbo wa taifa ulipoanza, wachezaji wetu walifanya jambo ambalo hatutalisahau. Kila mmoja aliziba kinywa chake kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaelekeza vidole viwili kichwani pake, kama bunduki. Walikuwa wakisema habari ya sisi, watu wa mashariki tunaouawa na dunia inanyamaza. Ndani ya nyumba hakuna aliyepumua. Mama mmoja alianza kulia polepole. Tulizoea kutazama watu wa mbali. Usiku ule watu wa mbali walikuwa wakitutazama sisi.

Katika kimya kile ikasikika sauti kutoka dirishani: "Wanafanya nini? Wanafanya nini?" Ilikuwa sauti ya jirani. Alikuwa amesimama, tena pembeni. Kwa pale aliposimama pazia lilikuwa kama maji ya jioni. Mtu aliyefiwa na ndugu katika vita hivi hakuweza kuona kilio kilichofanywa kwa ajili yake.

Bwana wa nyumba aliinuka. Tulizani anakwenda kumfukuza. Alitoka nje, akasimama karibu naye dirishani, akatazama ndani. Alikaa pale muda. Halafu tukamsikia akisema: "Kumbe ndivyo munavyoona huku! Papa, nisamehe. Mimi sikujua." Miaka yote ile alikuwa ameketi katikati. Hakuwahi hata siku moja kutazama televizyo yake kutoka mahali pa mgeni wake wa mwisho.

Hatutaki kupamba habari. Hawakukumbatiana. Jirani hakujibu neno. Wakati wa mapumziko aliingia. Mzee mmoja kati yetu alimwachia kiti, akakikataa, akaketi chini na watoto, katikati. Tulifungwa 1 kwa 0. Mwisho wa mpira alitoka bila kuaga. Lakini kesho yake asubuhi, ufukoni, yeye ndiye aliyesalimu kwanza, na wawili wale walivuta mtumbwi mmoja. Neno la wavu halikutajwa tena.

NENO LA MWISHO

Sanduku lile leo ni zima nusu. Mrija wa bluu umechoka, na watu wote wana rangi ya machungwa mabivu. Vipande vya kubadili ni vigumu kupata, maana viwanda vimekwisha kuacha. Siku moja litakuwa kabati la kuwekea nyavu. Ndivyo inavyokuwa kwa vitu vyote ambavyo tuliwaza vingetufanya wakubwa.

Kwa hiyo tunawashauri hivi, wapendwa.

Mwenye kufunga mlango, afunge bila kudharau, na asifunge siku ambayo picha ni kilio cha wote. Mwenye kutoza, ataje bei mlangoni, kabla mtu hajaketi, wala asiitaje tena. Mwenye kufungua bure, amalize kutoa siku ileile; akiona bado anahesabu, heri atoze. Mwenye kuingia, asifanye nyumba ya mwenzake kuwa soko, na achukue hata lita moja ya esansi siku anapouza vizuri, ili naye awe amevuta mtumbwi. Na sisi wazee wa viti vya mbele, tujue kwamba siku zote ni sisi wa mwisho kufahamu kuwa pembeni kuna giza.

Tena kila mwenye kitu kikubwa, ikiwa ni televizyo, ikiwa ni lori, ikiwa ni duka, ikiwa ni kiti cha heshima ndani ya kanisa, mara moja kwa mwaka atoke katikati, aende akasimame kwenye dirisha la pembeni, atazame kitu chake kutoka huko. Akiisha kuona, atajua mwenyewe la kufanya. Hatatuhitaji sisi kumwandikia.

Mungu awalinde katika nyumba zenu na juu ya maji.